Ufundi magari: chuo cha VETA au gereji ya mtaani?

Umemaliza kidato cha nne na unataka ufundi magari. Uende chuo cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania), au ukashike spana chini ya fundi mtaani?

Gereji inakuingiza kazini siku hiyohiyo. Unaanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli na kutumwa spea. Miezi ikipita, unasikiliza injini inavyokosa mlio mmoja na unajua uanze na plagi. Unajifunza pia kupatana bei na mteja mwenye haraka, na hilo nalithamini sana. Tatizo ni kwamba anapoishia fundi wako, hasa kwenye umeme wa gari, nawe unaishia hapo.

VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina ada, ila inakupa nadharia, usalama kazini na cheti cha ngazi ya 1 hadi ya 3. Waajiri wengi huomba cheti kabla ya kuona mikono yako.

Mimi ningeenda chuo, likizo zote nikashinda gereji. Aliyeanzia mtaani naye asijione amechelewa: VETA hupima ujuzi uliopatikana kazini na kumpa fundi cheti bila kumwanzisha upya.