Kupima wepesi wa kuitikia: kwa jicho au kwa sikio?

Rula ya sentimita 30 inatosha. Mwenzako anaiachia katikati ya vidole vyako, unaidaka. Ikishuka sentimita 15, umetumia kama sekunde 0.175; ikishuka 20, ni 0.2.

Kwa jicho, unaikodolea rula tu. Kwa sikio, unafumba macho na kungoja mwenzako aseme "haya!" anapoiachia. Sikio ndilo lenye mbio: kwa kawaida watu huitikia sauti kwa takriban milisekunde 140 hadi 160, mwanga 180 hadi 200. Retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho, hugeuza mwanga kuwa ishara ya neva kwa hatua za kikemikali, na hatua hizo hula muda. Ndani ya sikio, vinywele vidogo vikitikiswa tu, ishara imeshaondoka.

Hata hivyo, mimi ningechukua jicho. Hapa Mwembe Tayari, Mombasa, honi za matatu zitakudakisha rula ambayo bado haijaachiwa! Tena mdomo na vidole vya mwenzako haviendi sambamba. Akitamka mapema kidogo, amekupa nafuu ya bure. Kipimo cha sauti kifanyieni chumbani, madirisha yamefungwa, feni imezimwa.