Skripti ya zamani au systemd?

Seva yetu hapa Mkomani, Lamu, hutunza buking za nyumba ya wageni. Umeme hukatika usiku, na asubuhi huduma lazima iwe imejiinua.

Skripti ya /etc/init.d, njia ya zamani ya kuwasha huduma kwenye Linux, huandika namba ya mchakato (programu inayoendeshwa) kwenye faili. Mashine ikizimika ghafla namba yaweza kubaki, na skripti yaweza kuapa huduma i hai, kumbe maiti.

systemd, msimamizi wa huduma za Linux ya tangu 2010, hufuatilia mchakato yenyewe. Mpangilio wa `Restart=on-failure` huinua kilichoanguka; ukisimamisha kwa mkono hairudi. Kusimamisha huanza na SIGTERM, ishara ya kuiomba programu ijifunge, husubiri kwa kawaida sekunde 90, ndipo huua. Hifadhidata nzito naiongezea muda.

Ila amri ya `start` ni kuwasha huduma sasa hivi, `enable` ni kuiwasha mashine ikiwaka. Nililisahau la pili, nikapigiwa simu alfajiri: mgeni yuko gatini na mabegi, jina lake halionekani.