Lifti ya alizeti nimeipenda, mashine ya kujazia madumu bado inanitesa

Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Kizota, hapa Dodoma. Mashine moja, vibarua sita. Msimu ukianza Mei watu napata, ikifika Agosti wananikimbia. Wengine wanafuata mavuno ya zabibu Hombolo na Mpunguzi, wengine ujenzi, maana tangu serikali ianze kuhamia hapa 2016 mji huu haujaacha kujengwa. Nikiongeza ujira wanarudi wiki mbili, wanapotea tena.

Mwaka jana nikamuuliza mmoja aliyekuja kuaga. Hela hata hakuitaja. "Bosi, ile ngazi." Gunia la alizeti ni kilo 60 na ushee. Unalitia begani, unapanda ngazi ya mbao inayoteleza mafuta, unamimina kwenye hopa, yaani mdomo wa juu wa mashine unaopokea mbegu, unashuka kufuata lingine. Siku hiyo nikajaribu mwenyewe. Mara tatu nilipanda, la nne nikalikalia.

Fundi wa kuchomelea akanitengenezea lifti: bomba la bati, ndani mkanda wenye vikombe, mota juu. Gunia linamwagwa shimoni, vikombe vinachota na kupandisha mbegu hadi kwenye hopa. Imenigharimu milioni 4 na laki 2 pamoja na kuifunga. Mkanda ulilegea mwezi wa kwanza, tukaukaza, basi. Ila chekecha mbegu kwanza. Kipande cha kamba ya gunia kilishatusimamisha nusu siku.

Sikupunguza mtu. Mbebaji mmoja sasa anachekecha, mwenzake nimemfundisha kukaza mashine. Anashika mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, kiganjani, anayabonyeza. Yakimwachia mafuta vidoleni anajua mbegu haijakamuliwa vizuri. Kwa kazi hiyo nimemwongezea posho. Agosti iliyopita aliondoka mmoja tu, naye alikwenda kuoa.

Mashine ya kujazia ndiyo siwezi kuisifia. Haipimi mafuta, inapima muda: inafungua, inahesabu sekunde, inafunga. Sasa asubuhi za Julai Dodoma ni baridi, mafuta yanakuwa mazito na kutoka taratibu, dumu la lita 5 linapunjika. Mchana yakipata joto, linafurika. Mama anayejaza ndiye aliyegundua. Aliweka dumu la asubuhi na la mchana mezani kwangu, akasimama kimya mpaka nikaona mwenyewe. Nikifikiria wateja wa wiki ile ya kwanza naona aibu.

Muuzaji nimempigia mara nne. Jibu lake ni kwamba nirekebishe sekunde kila asubuhi. Kwa hiyo kila dumu tunalirudisha kwenye mizani, mafuta yafike kilo 4.6 hivi bila uzito wa dumu lenyewe, na yule mama anaongezea kwa jagi kama zamani. Ukienda dukani ulizia inayojaza kwa uzito, na waambie waijaribu mbele yako kwa mafuta ya baridi. Yangu naiuza, bei tutaelewana.