TAHADHARI: "Land Rover ya polisi" inayouzwa Tabora haikuwahi kuwa ya polisi

Ndugu zangu wa Tabora, Urambo na Kigoma, yupo mtu anayeuza Land Rover za zamani akidai kwamba zilikuwa za Jeshi la Polisi, na kwa ajili ya historia hiyo anaongeza mamilioni juu ya bei. Historia hiyo imetengenezwa gereji. Nimemlipa shilingi milioni 14 kwa gari ambalo, bila king'ora na maneno yake, lisingefika hata milioni 9, na hasira niliyo nayo sitajaribu kuificha.



Gari lilikuwa chini ya mwembe katika ua mmoja wa Ng'ambo, limefunikwa turubai, na hakulifunua mpaka tulipomaliza chai. Aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, akaniambia kwamba hana haraka ya kuuza, kwamba marehemu baba yake alilinunua katika mnada wa serikali, na kwamba ndugu zake wanamlaumu kwa kuuza urithi. Ndipo akavuta turubai. Mlangoni palikuwa na kivuli cha nembo, kana kwamba ilibanduliwa zamani na jua likaacha alama yake. Juu ya paa palikuwa na taa ya kuzunguka pamoja na king'ora. Alichukua betri ya pembeni, akaunganisha waya, king'ora kikalia, watoto wa jirani wakatimua mbio, na mzee mmoja aliyekuwa akipita njia akasimama na kusema, "Gari hili nalikumbuka." Leo sina shaka kwamba mzee huyo alikuwa na mgawo wake. Kisha muuzaji akaingia ndani, akatoka na kibao cha namba chenye herufi PT, za magari ya polisi, kilichoviringishwa katika kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hiki simwonyeshi kila mtu." Pamoja nacho alinipa picha ya zamani, isiyo ya rangi, ya Land Rover ikiwa mbele ya Boma la Tabora.

Wapo ambao tayari wananicheka, basi na wasikilize. Alisema gari ni la mwaka 1974, na kila nilichokijua kuhusu magari haya kiliafikiana naye. Saa za dashibodi zilikuwa mbele ya dereva badala ya kuwa katikati, na grili ilikuwa ya plastiki, mambo ambayo yalikuja na toleo la Series III mwaka 1971. Gia zote nne za kwenda mbele ziliingia bila kukwaruza, jambo ambalo katika matoleo ya kabla yake si la kawaida. Kadi ya gari ilikuwapo na ilibeba jina la ukoo wake. Nilipouliza hati za mnada, alijibu kwamba zililiwa na mchwa. Mchwa hao, kwa uungwana wao, waliiacha kadi ya gari iliyokuwa katika bahasha ileile.

Lilipofika Kigoma, fundi wangu wa Mwanga alilizunguka bila kusema neno, akachukua sumaku ya spika mbovu na kuipitisha juu ya bodi. Bodi ya Land Rover za enzi hizo ni ya aluminiamu, ukiacha ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria pamoja na sehemu chache nyingine, kwa hiyo kwenye bati za ubavuni na mabawa ya mbele sumaku haikunasa. Kwenye mlango wenye kivuli cha nembo ilinasa pwaa. Mlango ule ni wa bati la mtaani, umejazwa puti, na kivuli cha nembo kilipigwa kwa rangi ya kupuliza. Matundu ya taa kwenye paa yalikuwa yaking'aa kingoni, ilhali tundu la miaka mingi katika aluminiamu huota unga mweupe na hubeba matabaka ya rangi za zamani. Waya za king'ora ziliishia chini ya dashibodi, zimekatwa, na hapakuwa na hata alama moja ya skrubu mahali ambapo redio ya mawasiliano ingefungwa.

Namba ya chesisi ndiyo iliyomaliza ubishi. Kibao cha ndani kina herufi na tarakimu 17 zinazoanza na SAL, mfumo ambao Land Rover hawakuwa nao kabla ya mwishoni mwa mwaka 1979, ilhali gari aliniambia ni la 1974, nacho kimepigiliwa riveti mpya kabisa. Namba inayopaswa kuwa imegongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele kulia, mahali springi inaposhikwa, ilisagwa na kupakwa lami. Na ile picha ya Boma? Gari lililo pichani lina taa za mbele zilizokaa ndani, ubavuni mwa grili, mtindo ulioachwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Si gari langu na halikuwahi kuwa. Tena, namba za PT ni za Jeshi la Polisi, na gari lao likiuzwa kwa raia husajiliwa upya, kwa hiyo aliyekuonyesha kibao hicho muulize kwanza alikipata wapi.

Mtu huyu hastahili kuachwa kwa maneno ya "mwachie Mungu". Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, inatoa kifungo cha hadi miaka 7 kwa anayejipatia mali kwa udanganyifu, na mimi nataka aitumikie yote, pamoja na yule aliyesaga namba na yule mzee wa njiani. Ametumia jina la polisi kuniibia; basi polisi hao hao wamfuate mpaka uani kwake. Taarifa nimekwisha kuitoa kituoni, na kibao cha PT nimekikabidhi.

Nimeambiwa kwamba sasa anatangaza gari la pili, eti lilikuwa la polisi wa Kasulu, na kwamba picha anayoonyesha ni ileile ya Boma la Tabora. Aliyekwisha kumpa arbuni aidai leo, mbele ya mashahidi, na asikubali kuahidiwa kuletewa hati za mnada kesho.