Chapa ya DP kwenye Lee-Enfield: usisome rangi, soma herufi

Habari zenu watazamaji. Mezani leo kuna Lee-Enfield Namba 4 Mk I*, bunduki ya bolti ya risasi za .303, ndugu wa zile walizobeba askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Hii ilistaafishwa jeshini ikabaki ya gwaride, ndiyo maana imegongwa DP, yaani Drill Purpose. Hatutaipiga. Tunachosoma leo ni maandishi yake, maana anayetazama mkanda wa rangi nyeupe unaopakwa kwenye mbao za bunduki za gwaride bila kusoma herufi ndiye anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanza kabisa, vuta bolti nyuma, angalia chembani kwa tochi, kisha tia kidole uhakikishe ni tupu. Chapa ya gwaride haizuii risasi kusahaulika ndani.

Haya, kamera isogee. Hapa juu, mtutu unapoingia kwenye bodi, mnaona DP. Ipo tena kwenye soketi ya chuma inayoshika kitako, ipo kwenye bolti, na ipo kwenye mbao. Kwa nini igongwe mara zote hizo? Kwa sababu fundi wa ghala akifungua bunduki kumi kwa mpigo, kipande cha gwaride hakitakiwi kiingie kwenye bunduki nzima. Kwa hiyo ukikuta bolti yenye DP ndani ya bodi isiyo na DP, au kinyume chake, kuna mtu ameunganisha vipande, na hakuna anayejua kama vinafungana sawasawa. Kwenye Namba 4 vichwa vya bolti vina saizi, 0 hadi 3, vya kurekebisha nafasi nyuma ya risasi. Kubadilisha bolti bila kupima nafasi hiyo ni kuhatarisha uso wa mpigaji.

Sasa sikilizeni hapa vizuri: DP haimaanishi bunduki imekufa. Inamaanisha jeshi haliidhinishi ipigwe. Nyingine mtutu wake ulikuwa umechakaa tu. Nyingine pini ya kufyatulia ilikatwa ncha, nyingine chemba ilitobolewa. Herufi zilezile mbili, hali tofauti kabisa. Ndiyo maana Uingereza bunduki ya DP isiyo na cheti cha kuzimwa, yaani cha kuthibitisha haiwezi tena kupiga, inaweza kuhesabiwa silaha kamili kisheria.

Iliyozimwa zaidi ni L59A1. Hizo zilikuwa Namba 4 zilizobadilishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya makadeti: mtutu umekatwa kwenye chemba na kuzibwa, na tundu la pini kwenye kichwa cha bolti limezibwa. Tafuta jina L59A1 kwenye chuma. Muuzaji akikwambia L59 na chemba bado ni nzima, msimamishe hapohapo.

Iliyozimwa rasmi kwa ajili ya mkusanyaji ni jambo jingine tena. Chini ya kanuni ya Ulaya iliyoanza kutumika Aprili 2016, alama kamili hukaa kwenye bodi: herufi EU, msimbo wa nchi, alama ya taasisi iliyothibitisha, na mwaka. Vipande vingine muhimu hupewa EU na msimbo wa nchi tu, kwa hiyo usishangae bolti haina mwaka. Cheti kiende pamoja na bunduki, na namba zilingane.

Tuje kwenye asili yake. Kwenye ukuta wa kushoto wa bodi imeandikwa LONG BRANCH, jina la kiwanda, na 1943, na mshale umo ndani ya herufi C, maana yake ni ya Kanada. Namba ya mfululizo ya bunduki ina herufi L katikati. Ingekuwa ya kiwanda cha Savage, Marekani, ungeona C katikati, na mara nyingi U.S. PROPERTY. M47C ni msimbo wa kiwanda cha BSA cha Shirley, Uingereza; PF mwanzoni mwa namba ni kiwanda cha Fazakerley, Uingereza pia, baada ya vita. FTR ni ile iliyorudi kiwandani kukarabatiwa upya. Mishale miwili inayogusana ncha kwa ncha ni ya kuuzwa nje ya jeshi. Hiyo ni chapa ya mauzo tu, haizimi chochote, na wauzaji wengi huipamba kuliko inavyostahili.

Chapa zilizofifia zinasomeka kwa chaki. Ipake juu, futa kwa kitambaa kikavu, weupe ubaki kwenye mitaro. Tazameni, DP ya kwenye soketi imejitokeza sasa hivi. Msitumie brashi ya waya wala tupa, zinakula kingo za herufi. Tochi ilazwe ubavuni, isimulike kutoka juu. Kama sehemu ya chuma ina bonde dogo au rangi yake inang'aa kuliko jirani yake, hapo kuna kitu kimesagwa, na kinachosagwa mara nyingi ni DP. Rangi kwenye mbao hupigwa msasa kirahisi. Tafuta mabaki pale kitako kinapogusana na soketi.

Hii yetu naipa alama nzuri kwa ukusanyaji: chapa zote zinakubaliana, namba ya bolti na ya soketi ni moja. Kwa bei ya bunduki kamili, siichukui. Unayenunua kwa mbali, omba picha nne: ukuta wa kushoto, soketi, nyuma ya mkono wa bolti, na juu ya mtutu. Asipotuma hata moja, achana naye.

Na mlio Uingereza mnaotaka kuituma nyumbani, ulizeni kwanza polisi wa leseni za silaha huko inakokwenda. Cheti cha Uingereza hakikufungulii forodha ya Kilindini.