Dodoma kwa treni: safari nzuri, ziara ya zabibu iliyotuharibia siku

Kama unataka kumpeleka mzee wako Dodoma akaone mashamba ya zabibu, soma kwanza yaliyotukuta sisi juzi juzi, likizo hii ya watoto ya katikati ya mwaka.

Treni sina neno nayo. Tuliondoka Dar alfajiri, watoto wakapiga kelele za furaha kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa, na jua halijawa kali tukawa tumeshuka Mkonze, stesheni ya Dodoma. Mama mkwe wangu, aliyezoea kuumaliza mchana mzima kwenye basi kwa safari hiyo hiyo, alikaa dirishani akiwaonyesha wajukuu mibuyu. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake muda mrefu.

Hasira yangu ni ya shamba tulilokwenda. Jina naliacha. Ni sehemu yenye mizabibu, kiwanda na ukumbi wa kuonjea mvinyo, na ziara tuliilipia kabla hatujafika.

Mjue kwanza mama ni nani. Ni Mgogo wa Mpunguzi. Wamisionari Wakatoliki walipoleta mizabibu Bihawana miaka ya 1950, kilimo hicho kikasambaa vijijini, na baba yake alikuwa mmoja wa waliopanda pingili za mwanzo pale kwao. Mama amelima zabibu mpaka magoti yalipokataa, ndipo akaja kuishi nasi. Ada ya shule ya mume wangu ilitoka kwenye zabibu.

Sasa kijana aliyetupokea, amevaa fulana yenye nembo, alimpa mume wangu mkono, akanichangamkia mimi, akawauliza watoto majina yao. Mama akamruka. Hakuna shikamoo! Mwanamke mzima amesimama mbele yako na mkongojo wake, na amekwisha kuwasalimia wote "mbukwenyi" toka getini, wewe unampita kama nguzo ya umeme. Nikamwambia, "Kaka, mama huyu hapa." Akasema, "Karibu, bibi," huku anatembea.

Nilinyamaza kwa ajili ya watoto. Tukaingia shambani. Zabibu zilikuwa bado changa, za kijani, maana Dodoma huvunwa mara mbili, kama Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Kule Ulaya baridi huulaza mzabibu. Hapa anayeuamsha ni mkulima mwenyewe, anapogoa, na miezi kama minne baadaye anavuna. Haya nimefundishwa na mama pale pale. Kijana alisema tu kwamba "hali ya hewa ni nzuri".

Mama akasimama kwenye mstari mmoja, akashika kichala, akakigeuza. Kilikuwa na unga mweupe. "Hii ni ubwiri unga," akasema taratibu, yaani ule ugonjwa wa ukungu unaozuiwa kwa salfa. "Salfa mlipiga lini?" Kijana akamjibu, "Bibi, usiguse, utaharibu. Hilo ni vumbi la barabarani. Haya mambo ni ya kitaalamu."

Ya kitaalamu! Anaambiwa mtu aliyepiga salfa misimu yote hiyo. Hata hivyo mama hakubishana. Tulipofika kwenye matenki, kijana akawa anawaeleza watoto jinsi kiwanda kinavyowainua wakulima, mama akauliza swali moja tu, la heshima kabisa: kilo wananunua shilingi ngapi msimu huu? Mkulima yeyote wa Dodoma angeuliza hilo kabla ya yote, kwa sababu zabibu ya mvinyo ikiiva haingoji. Kiwanda kikijaa, unakamua na kutafuta wa kumuuzia mchuzi, yaani juisi yake, au inakuozea. Kijana akasema, "Hilo halipo kwenye ziara, bibi. Tuendelee."

Mama akarudi nyuma ya kundi na hakusema neno tena. Mume wangu akawa mwekundu machoni. Mimi nilikwenda kwa msimamizi nikasema yote, naye akanijibu kwamba kijana bado mgeni kazini. Mgeni kazini sawa, lakini shikamoo anafundishwa na nani, kiwanda?

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, na mtu yeyote asiende.

Ila sasa lipo jambo la pili. Tukisubiri bajaji kivulini, mzee mmoja mfanyakazi akatoka shambani na mkasi wa kupogolea mkononi. Alimsikia mama akiongea Kigogo na mjukuu, akaja, akauweka mkasi chini, akamsalimu inavyotakiwa. Waliongea wee. Akamthibitishia kwamba ule ni ubwiri unga kweli na salfa ilichelewa. Akawarudisha watoto kwenye mstari, akawaonyesha jicho la tawi, wapi ukate na wapi usikate, mama akisahihisha na yeye akicheka na kukubali. Mwanangu mpaka leo anaikumbuka nusu saa hiyo, mvinyo na matenki hana habari nayo. Tulipomshukuru mzee alikataa hata hela ya soda.

Na hapo ndipo hasira ikanirudia upya, kubwa kuliko mwanzo. Mtu anayelijua shamba wamemficha kwenye mistari, wamemweka mbele asiyejua ugonjwa na vumbi, halafu pesa ya ziara wanachukua kwa jina la zabibu zile zile.

Nimeweka nyota mbili, na zote ni za yule mzee. Mama anataka turudi Agosti wakati wa mavuno. Nimemwambia Dodoma tutarudi, hata wiki ijayo, lakini getini pale siingii mpaka aombwe radhi yeye mwenyewe, kwa mdomo. Ingawa akishikilia kwamba anataka kumwona yule mzee, sioni nitamkatalia vipi.