Daraja la Hell Gate la Lionel, namba 300: lipindueni kabla ya kulipa

Watazamaji wapenzi, karibuni. Kifaa kilicho mezani leo nimekitamani kwa miaka mingi, kwa hiyo sitawachosha na utangulizi. Hili ni Daraja la Hell Gate, namba 300, la kampuni ya treni za kuchezea ya Lionel ya Marekani, lililotengenezwa kati ya 1928 na 1942, na hili lililo mbele yenu lina rangi za mwanzo: minara ya krimu, upinde wa kijani na kitako cha rangi ya chungwa. La pili, hapo kushoto, nimeazimwa na rafiki, nalo lina rangi za kuanzia katikati ya miaka ya 1930, yaani minara ya rangi ya pembe ya ndovu, upinde wa rangi ya fedha na kitako chekundu. La tatu, lile linalong'aa kuliko yote, ndilo lililonitia hasira hata nikaamua kutengeneza video hii, na nitalifikia baada ya muda mfupi.

Habari za Joshua Lionel Cowen na jinsi alivyoianzisha kampuni hiyo New York mwaka 1900 mnazijua, na tofauti ya geji (upana wa reli za treni) ya O na ile geji kubwa ambayo Lionel waliiita Standard mnaijua pia, basi naziacha. Jambo ambalo sikuwahi kulieleza vizuri ni daraja lenyewe la kweli, na bila kulijua hamtaona ufundi wa kichezeo hiki cha bati. Daraja la Hell Gate liko New York, linavuka mto unaoitwa East River kati ya Queens na kisiwa cha Wards, lilibuniwa na mhandisi Gustav Lindenthal, likakamilika 1916 na kuanza kupitisha treni 1917. Upinde wake wa chuma una urefu wa karibu mita 298. Sasa pigeni hesabu pamoja nami: kama mafundi wa Lionel wangelipunguza kwa kipimo cha moja kwa arobaini na nane, ambacho ndicho kipimo cha geji ya O, daraja hili lingekuwa na urefu wa zaidi ya mita sita, na hakuna sebule ambayo ingelipokea. Wao walilifupisha hadi inchi 28 na robo tatu, sentimita 73 hivi, na bado mtu aliyewahi kuliona la kweli hulitambua hili mara moja. Walikata urefu, lakini hawakugusa umbo la ule mpindo wa juu unaoshuka katikati ya safari yake kuelekea minara na kuinuka tena kidogo kabla ya kuifikia. Angalieni kutoka ubavuni. Mpindo huo ndio sahihi ya Lindenthal, na aliyechora kichezeo hiki aliuheshimu.

Tuje kwenye kiini cha video. Ninawaomba tuligeuze daraja. Nimetandika kitambaa laini, nalishika kwa kitako wala si kwa upinde, maana upinde ni bati jembamba na ukilibebea hapo utaupinda, kisha nalilaza chali. Sasa nasogeza kamera karibu, na nawasha taa ya pembeni ili mwanga uingie kwa mlalo.

Mnaona ndimi hizi za bati? Vifaa vya Lionel vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia viliunganishwa kwa njia hii: kipande kimoja kina ulimi mdogo, kipande cha pili kina tundu jembamba, ulimi unapitishwa tunduni kisha unakunjwa au kuzungushwa ili ushike. Jambo la kukumbuka, na naomba mlishike vizuri, ni mpangilio wa kazi kiwandani. Vipande vilipakwa rangi na kuokwa kwanza, kila kimoja kwa rangi yake, ndipo vikaunganishwa. Kwa hiyo ulimi ulipokunjwa ulikuwa tayari umevaa rangi yake iliyokauka, na rangi iliyokauka haikunjiki bila kupasuka. Tazameni ulimi huu wa kwanza kupitia lenzi. Pale kwenye mkunjo kuna mstari mwembamba ambapo enameli, yaani ile rangi iliyookwa, imeachana, bati limeonekana, na kwa muda wa miaka mingi bati hilo limepata weusi. Nahamia ulimi wa pili. Mstari uleule, mahali palepale. Wa tatu una kijikutu kidogo, na kijikutu hicho sitakigusa, kwa sababu ni ushahidi. Hakuna rangi iliyovuka kutoka ulimi kwenda kwenye kipande cha jirani. Mpaka kati ya rangi na rangi umekatika safi.

Nalirudisha la kwanza taratibu, nachukua lile linalong'aa. Hili liliuzwa kwa maelezo kwamba ni la asili, la rangi za mwanzo, halijaguswa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hili lilitembezwa kwa maneno mengi sana. Tuligeuze. Naweka taa palepale, pembe ileile, ili msiseme nimebadilisha kitu. Ulimi wa kwanza: rangi imeufunika wote, mkunjo pamoja na ukingo, na imetiririka hadi kwenye kitako. Hakuna ufa. Ulimi wa pili: chini ya rangi kuna kovu la koleo, yaani mtu aliunyoosha, akatenganisha vipande, akaukunja tena, kisha akapaka. Wa tatu umekatika kabisa na mahali pake pametiwa lehemu. Sasa angalieni ndani ya tundu, pale ulimi unapoingilia. Rangi imejaa kama ugali kwenye ufa wa chungu. Kiwandani isingewezekana, kwa sababu tundu lilipakwa rangi likiwa tupu, na ulimi ulipopita ulikwangua kingo zake. Tafuteni mikwaruzo hiyo. Ikiwepo, mioyo yenu itulie.

Nitaongeza majaribio mawili kwa haraka. Nazima taa za chumba na kuwasha ile ya urujuanimno (UV). Rangi nyingi za kisasa hutoa mng'ao chini ya mwanga huu, na mnaona jinsi daraja la tatu lilivyowaka kwenye minara wakati la kwanza limebaki limefifia. Jaribio hili peke yake halitoshi, kwa kuwa nta na sabuni ya kusafishia navyo huweza kung'aa, lakini likikubaliana na ndimi, hukumu imepatikana. Jaribio la pili ni skrubu. Skrubu yenye kichwa cha msalaba, ile ya Phillips, iliingia viwandani katikati ya miaka ya 1930, ikianza na magari ya Cadillac mwaka 1936. Ukiiona kwenye kifaa chochote kinachodaiwa kuwa cha 1928, kiwe daraja, kituo au nguzo ya taa, basi kuna mkono mwingine uliopita hapo baadaye.

Naomba nieleweke. Kupaka upya si kosa. Kuna mafundi wanaookoa vifaa vilivyoliwa na kutu, na kazi yao ni ya heshima, maadamu wanaisema wazi wakati wa kuuza. Kuna pia nakala mpya kabisa, kwa mfano za kampuni ya MTH, ambazo zimetengenezwa vizuri na mtu anayetaka daraja la kuendeshea treni kila jioni angefanya busara kununua moja ya hizo. Kinachonichukiza ni kazi mpya kuvishwa umri wa zamani na kudaiwa bei ya zamani.

Kabla sijaanza kurekodi nilikuwa na msimamo kwamba la rangi ya fedha ni la hadhi ya chini, kwamba Lionel walipobadilisha rangi waliondoa uchangamfu wa miaka ya 1920. Sasa limekaa hapa chini ya taa kwa muda na ninazidi kulipenda. Fedha inaonyesha kila mshazari wa upinde, mambo ambayo kijani huyameza, na wekundu wa kitako unaipa minara uzito. La krimu na kijani bado ndilo ningelilaza karibu na kitanda changu, lakini kama ningekuwa na treni za miaka ya 1930 zilizochongoka pua, za enzi ya mwendokasi, nisingeweka daraja jingine isipokuwa hili la fedha.

Baadhi yenu huniuliza kwa nini siwazungumzii washindani wa Lionel. Nawazungumzia leo kwa ufupi. Ives wa Bridgeport, Connecticut, walitengeneza vituo vya treni vyenye paa la vioo ambavyo kwa uzuri vinalishinda daraja hili, nasema hivyo bila kusita, na kupata kimoja chenye vioo vyake vya asili ni bahati kubwa. Kampuni hiyo ilifilisika 1928, ikaangukia mikononi mwa Lionel na mshindani mwingine, American Flyer, na kwa sababu hiyo kuna vifaa vya kipindi hicho vyenye mchanganyiko wa sehemu za kampuni tofauti ambavyo ni vya kweli kabisa. Usikimbilie kusema mchanganyiko ni udanganyifu. Dorfan wa Newark nao walikuwa wabunifu hodari, ila zinki yao ya kumimina ilikuwa na uchafu, na leo vitu vyao vingi vinapasuka na kumong'onyoka vyenyewe vikiwa kabatini. Hapa ndipo ninapolishukuru daraja letu: ni bati, na bati adui yake ni kutu na unyevu, mambo ambayo mtu anaweza kuyadhibiti. Wakazi wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, hewa yenu ya chumvi ni kali kwa bati, basi wekeni vifaa kwenye kabati la vioo lililofungwa vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Na kwa kuwa nimewataja wa Afrika Mashariki, nijibu swali linalorudi kila wiki kwenye maoni. Daraja hili halitumii umeme, mnaweza kuliagiza bila wasiwasi. Lakini vituo vyenye taa, mlinzi wa kivuko namba 45 anayetoka kibandani treni inapopita, na winchi ya sumaku namba 165, vyote hivyo vililishwa na transfoma za Marekani zilizotengenezwa kwa volti 110 hivi. Ukiichomeka transfoma hiyo moja kwa moja kwenye soketi ya volti 240, utaiunguza, na huenda ukaunguza na nyumba. Tafuta kipunguza volti kilicho imara, na waya za zamani zilizokauka gamba zibadilishwe na fundi kabla ya chochote kuwashwa.

Bei. Daraja la asili huuzwa kuanzia dola mia kadhaa, na likiwa safi hupita dola 1,000 bila shida. Boksi la asili huongeza thamani, ila lichunguzeni nalo, maana karatasi pia huigwa. Hili langu nililinunua kwenye moja ya maonyesho ya York, Pennsylvania, yanayofanyika Aprili na Oktoba, ambako wanachama wa Train Collectors Association, chama kilichoundwa 1954, hukutana kununua na kubadilishana. Uzuri wa York ni kwamba unaruhusiwa kuomba kukigeuza kifaa mkononi, na muuzaji mwaminifu hukigeuza mwenyewe kabla hujaomba. Mtandaoni huna nafasi hiyo, basi ombeni picha za upande wa chini zenye mwanga wa pembeni. Muuzaji anayetuma picha kumi za upinde na akakataa kutuma moja ya chini, mwacheni na daraja lake.

Nisisahau taarifa ya chaneli. Kuanzia mwezi ujao video zitatoka Jumamosi badala ya Jumatano, kwa sababu wengi mmesema siku za kazi hamna utulivu wa kutazama kitu kirefu. Ya kwanza itahusu kituo cha umeme namba 840, kifaa kikubwa ambacho nacho kimepakwa upya mara nyingi. Kama mnacho au mna daraja kama hili, nitumieni picha tatu: moja ya mbele, moja ya upande wa chini ikiwa na mwanga wa mlalo, na moja ya ulimi mmoja wa bati kwa ukaribu kadiri simu yenu inavyoweza. Nitachagua chache na kuzichambua hewani, bila kutaja majina ya wenyewe.